Somo: Likizo ya kutembea kibanda hadi kibanda milimani Norwei bila kumaliza akiba

Norwei ni ghali, na wanaosema hivyo hawatii chumvi. Chakula cha kawaida cha hotelini Oslo kinaweza kukufanya ukumbuke nyumbani kwa uchungu. Milimani mambo ni tofauti kidogo, na sababu ni chama kimoja cha watembea milima, Den Norske Turistforening, kifupi DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868. Kina vibanda zaidi ya 550 nchi nzima na njia za miguu za takriban kilomita 22,000, zilizowekwa alama ya herufi T nyekundu kwenye mawe. Hakuna ada ya kuingia hifadhini. Kwenye njia za kawaida hulazimishwi kuwa na mwongozaji.

Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watauelewa mpango huu haraka. Vibanda vya Mandara na Horombo vilijengwa kwa msaada wa Norwei, kwa hiyo hata wazo lenyewe si geni kwetu. Tofauti kubwa ni kwamba huko hakuna wagumu, yaani wabebaji wa mizigo. Mzigo wako ni mgongo wako, na hilo ndilo litakaloamua karibu kila kitu katika somo hili.

Hatua ya 1: Chagua aina ya kibanda kabla ya kuchagua mlima

Wengi huanza na picha nzuri ya kilele, kisha ndiyo watafute pa kulala. Geuza utaratibu huo, kwa sababu aina ya kibanda ndiyo inayoamua utatumia pesa kiasi gani, utabeba kilo ngapi na utatembea siku ngapi. Ziko aina tatu.

Ya kwanza ni vibanda vya huduma kamili. Vina wafanyakazi, umeme, bafu la maji moto, chakula cha jioni kwa saa maalumu na kifungua kinywa cha kujipakulia. Asubuhi unatengeneza mikate yako ya njiani kutoka meza hiyohiyo, unajaza chupa ya chai, unaondoka. Ni raha, lakini kulala pamoja na milo huvuka krone 1,000 (krone ni pesa ya Norwei) kwa usiku bila shida. Kama unakuja mara ya kwanza, weka angalau usiku mmoja wa hivi. Utakausha nguo, na utapata habari za njia kutoka kwa watu wanaoijua.

Aina ya pili ni ya kujihudumia, na kwangu mimi huu ndio moyo wa likizo nzima. Unafika na kufungua mlango kwa ufunguo wa chama. Ndani kuna vitanda vyenye magodoro na mablanketi, jiko la gesi, jiko la kuni, sufuria, vyombo, na chumba cha stoo kilichojaa vyakula vya makopo na vikavu: shayiri ya uji, tambi, wali, biskuti ngumu, samaki wa kopo, supu za pakiti, kahawa. Unachukua unachotaka, unaandika ulichotumia, unalipa. Hakuna anayekusimamia. Unachota maji kijitoni, unapasua kuni, unaosha vyombo, unafagia kabla ya kuondoka. Mpango wote unasimama juu ya uaminifu, na ukidanganya utakuwa umeiba kwa watu wanaofanya kazi ya kujitolea.

Ya tatu haina huduma wala stoo. Ni kama ya pili, ila chakula chote unakibeba mwenyewe. Iache kwa safari ya baadaye.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa mtu wa kipato cha kawaida ni usiku mmoja wa huduma kamili, na zilizobaki za kujihudumia pale njia inaporuhusu.

Hatua ya 2: Uanachama, ufunguo, nafasi

Jiunge na DNT mtandaoni kabla ya kusafiri. Ada ya mwaka ni chini ya krone 1,000, na kwa safari ya siku kadhaa punguzo la kulala hulirudisha fungu kubwa la pesa hiyo. Mgeni wa nchi nyingine anaruhusiwa. Mwanachama pia ndiye anayeazimwa ufunguo, kwa amana ndogo, kwenye ofisi za chama au kwenye baadhi ya vibanda vyenye wafanyakazi. Uchukue mapema; ukifika kwenye kibanda kilichofungwa huna ufunguo, hakuna wa kumgongea.

Weka nafasi mtandaoni, hasa Julai, mwezi ambao Wanorwei wengi wako likizo.

Hatua ya 3: Eneo na tarehe

Jina maarufu kuliko yote ni Jotunheimen, eneo lenye Galdhøpiggen wa mita 2,469, mlima mrefu kuliko yote Ulaya ya Kaskazini, na ukingo wa Besseggen juu ya ziwa la kijani la Gjende. Ni kuzuri kweli, lakini Besseggen hujaa watu, na baadhi ya njia za eneo hilo hukatiza barafu ya kudumu ambako lazima ufungwe kamba na uwe na mwongozaji.

Kwa mgeni mimi ningeanza Rondane, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Norwei, iliyotangazwa mwaka 1962. Hakuna barafu ya kudumu, kuna ukavu kuliko milima ya upande wa magharibi, mabonde yanapitika vizuri, na ukibahatika utaona kulungu wa kaskazini (reindeer) wa porini kwa mbali. Usiwasogelee; wanaogopa watu kupita kiasi.

Tarehe salama ni katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Juni bado kuna theluji kwenye njia za juu. Zaidi ya hapo, madaraja mengi ya kuvuka mito milimani ni ya msimu: huwekwa majira ya joto yanapoanza na kuondolewa vuli. Ukienda nje ya msimu unaweza kukuta njia iko, kibanda kiko, daraja halipo. Nikipewa hiari, nachagua nusu ya pili ya Agosti: Wanorwei wamerudi kazini na mbu wamepungua.

Hatua ya 4: Njia yenyewe

Pembetatu ya Rondane inamfaa mtu anayetembea vizuri kwa miguu lakini si mpanda milima.

Siku ya kwanza, kutoka kijiji cha Mysusæter kupitia Spranget hadi kibanda cha Rondvassbu, mwisho wa ziwa. Kutoka Spranget ni kilomita sita hivi, njia pana. Siku ya pili, acha begi kibandani upande Storronden, mita 2,138, kama anga iko wazi. Kama haiko wazi, pumzika. Siku ya tatu, kupitia bonde la Illmanndalen hadi Bjørnhollia, mwendo wa saa tatu hadi nne. Siku ya nne ndiyo ndefu: kupitia Langglupdalen hadi Dørålseter, kilomita zinazokaribia ishirini. Siku ya tano unarudi Rondvassbu, kisha unateremka.

Njia hii, msimu wa joto, inategemea zaidi vibanda vyenye wafanyakazi, kwa hiyo si ya bei ya chini kabisa. Naipendekeza hata hivyo kwa safari ya kwanza, kwa kuwa begi linakuwa jepesi. Saa zinazoandikwa kwenye vibao na kwenye ramani ya UT.no, tovuti ya njia za miguu, hazihesabu mapumziko. Ongeza zako.

Hatua ya 5: Kufika

Anayetoka Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Norwei haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 ni lazima. Chapisha nafasi ulizoweka vibandani. Ndizo uthibitisho wako wa malazi.

Ukitua uwanja wa Gardermoen usiingie Oslo kama huna shughuli huko. Treni ya kwenda Trondheim husimama palepale uwanjani na itakushusha Otta, ambako mabasi ya msimu hupanda hadi Mysusæter. Tiketi ya mapema ni nafuu sana kuliko ya siku hiyohiyo. Angalia pia siku ya kufika: maduka mengi ya vyakula Norwei hufungwa Jumapili. Nunua Jumamosi, kwenye maduka ya bei nafuu kama Rema 1000 au Kiwi. Maji usinunue kabisa, ya bomba ni safi.

Hatua ya 6: Begi

Kilo nane hadi kumi, basi. Koti na suruali ya mvua isiyopitisha maji, nguo za ndani za sufu, sweta, kofia, glavu hata Agosti, soksi za sufu, buti ulizokwisha kuzizoea, mfuko wa shuka wa kulalia (vibandani ni lazima), ramani ya karatasi na dira, tochi ndogo, vifaa vya malengelenge. Acha jinzi na fulana za pamba. Pamba ikilowa huku upepo unavuma inakunyonya joto. Sufu nzuri zimejaa mitumba ya Gikomba na soko la Memorial, Moshi, kwa bei ambayo duka la Oslo halitakupa ndotoni.

Hatua ya 7: Kujua kurudi

Wanorwei wana kanuni tisa za milimani, ambazo zilitangazwa kwa nguvu baada ya Pasaka ya mwaka 1967, walipokufa watu 18 milimani. Ya nane inasema geuka mapema, hakuna aibu kurudi. Angalia utabiri wa hali ya hewa kwenye Yr, tovuti ya Wanorwei, kila jioni kibandani, andika kwenye daftari la wageni unakoelekea kesho, na uache siku moja ya akiba kabla ya ndege yako.

MASWALI YA WASOMAJI

*Kutoka Moshi: Mkuu, nimefika Uhuru mara kadhaa. Huko si kama matembezi tu?*

Kwa upande wa hewa, ndiyo. Urefu wa mita 1,000 hadi 2,000 hautakuumiza kichwa. Kinachosumbua ni mvua ya baridi yenye upepo, mawe yanayoteleza, na kwamba hakuna wa kukubebea wala kukupikia. Fanya mazoezi ukiwa na begi mgongoni.

*Kutoka Mombasa: Assalaam alaykum. Chakula cha halali vipi, na sala?*

Waalaykum salaam. Kwenye vibanda vya huduma kamili sema mapema, wakati wa kuweka nafasi, kwamba unataka samaki au mlo usio na nyama. Wamezoea maombi hayo. Stoo za kujihudumia zina samaki wa kopo, shayiri na dengu, ila soma maandishi ya makopo ya nyama: neno *svin* ni nguruwe. Beba bizari na pilipili kidogo. Kibla ni kusini-mashariki. Mwanzo wa Julai jua la Oslo huzama karibu saa nne na nusu usiku na giza kamili halifiki, kwa hiyo Isha ulizia ratiba ya msikiti wa Oslo kabla ya kupanda. Mwisho wa Agosti jua huzama mapema zaidi.

*Kutoka Arusha: Kaka, mimi ni mwanamke na nitakwenda peke yangu. Vyumba vinakuwaje?*

Dada, vyumba vya kulala kwa kawaida ni vya mchanganyiko, wanaume na wanawake, vitanda vya ghorofa. Kwao ni jambo la kawaida na wanawake wengi hutembea peke yao. Kama hupendi, omba chumba kidogo cha watu wawili kwenye kibanda cha huduma kamili, utalipa zaidi.

*Kutoka Drammen: Ndugu, tunaishi hapahapa Norwei, familia kutoka Kivu. Vifaa vya watoto wanne vitatumaliza.*

Msinunue vipya. Ulizeni BUA ya manispaa yenu, wanaazimisha mabegi na vifaa vya michezo bure au kwa bei ndogo. Vilivyobaki tafuteni Finn.no, vilivyotumika. Na msianze na pembetatu. Nendeni Rondvassbu, mlale usiku mbili, mrudi.

*Kutoka Nairobi: Na hema je? Nasikia ni bure.*

Ni bure kwa sheria ya mwaka 1957. Kaa angalau mita 150 kutoka nyumba au kibanda cha watu, na karibu na makazi usizidi usiku mbili mahali pamoja. Kati ya 15 Aprili na 15 Septemba usiwashe moto wa kuni msituni wala karibu nao. Utaokoa pesa ya kulala, lakini hema, godoro na mfuko wa usingizi vitaongeza kilo kadhaa, na ukilowa huna pa kukaushia.

*Kutoka Dar es Salaam: Nikiumia huko juu, nani analipa helikopta?*

Huduma ya kutafuta na kuokoa ni ya umma, hulipishwi. Matibabu ya hospitali ni jambo jingine, hapo bima yako ndiyo inafanya kazi. Piga 113 kwa dharura ya afya, 112 kwa polisi, na weka programu ya Hjelp 113 kwenye simu, maana hutuma mahali ulipo. Mabondeni mtandao hupotea mara nyingi, kwa hiyo simu isiwe tegemeo lako pekee: beba filimbi, na umwambie mlezi wa kibanda njia unayopita.

*Kutoka Dar es Salaam tena: Pesa taslimu nibebe?*

Kidogo tu. Kadi inakubalika karibu kila mahali, na vibanda vya kujihudumia hulipiwa mtandaoni hata baada ya kushuka. Vipps, programu ya kulipa kwa simu waliyo nayo wenyeji, usiitegemee bila akaunti ya benki ya huko.