Ukiamriwa kuua raia, fanya hivi

Mdogo wangu unayeenda depo, kwenye mafunzo ya jeshi, hili liamue ukiwa bado nyumbani, maana siku yenyewe hutapata hata dakika ya kufikiri. Angalia My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, kombania ya Wamarekani imeingia kijijini asubuhi, hakuna aliyewarushia risasi, wakaua wazee, akina mama na watoto wachanga, Wavietnam wanahesabu watu 504. Kuna askari alikuwa anafyatua huku analia. Yaani roho ilishamkataza, ila luteni yuko pembeni anapiga na yeye akaendelea kupiga.

Kwa hiyo ukikataa sema kwa mdomo, mapema, wenzako wasikie. Józefów, Poland, Julai 1942, meja wa polisi wa Kijerumani mwenyewe aliwaambia vijana wake asiyeweza kuua Wayahudi atoke mstarini. Akatoka mmoja kwanza, ndo wengine wakamfuata, jumla kama 12 tu kati ya karibu 500. Hawakupigwa risasi wala kufungwa! Waliobaki wengi walichoogopa ni kuonekana waoga mbele ya wenzao, na siku ile waliuawa watu wasiopungua 1,500. Ndo maana nakwambia tafuta mwenzako mmoja mapema, mkubaliane, mtu wa pili anatoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Na "niliamriwa" haikuokoi, Calley, yule luteni wa My Lai, alisema hivyo hivyo mahakamani, 1971 akatiwa hatiani kwa kuua watu 22.

Kama una uwezo usiishie kukataa tu, zuia. Pale pale My Lai, rubani wa Kimarekani Hugh Thompson alishusha helikopta katikati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wamejificha, akawaambia vijana wake wawili askari wakiwapiga hawa raia, na nyie wapigeni hao askari, halafu akaita helikopta nyingine ziwatoe. Akarudi kambini akaripoti kwa wakubwa siku ile ile, na amri ya kusitisha ikatoka. Wewe pia ripoti, andika tarehe, mahali, nani alitoa amri, maana wakubwa watajaribu kuficha, hata ile ya My Lai walificha zaidi ya mwaka. Na jiandae kuitwa msaliti, Thompson aliitwa hivyo miaka na miaka, medali ya ushujaa ule alipewa 1998.

Wakati wanaondoka, kijana wake Glenn Andreotta aliona kitu kinatikisika kwenye mtaro uliojaa maiti, akashuka, akapita juu ya miili, akatoka na mtoto mzima.