"Late": kachelewa au ni marehemu?

Swali hili halikauki, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena ataletwa hapa.

1. Kuchelewa. "The bus is late", basi limechelewa. Sisi tuna kitenzi, wao hawana: lazima "am/is/are" itangulie. "I lated" haipo.

2. Mwishoni mwa kipindi. "Late June", mwishoni mwa Juni. "The late 1990s", kama 1997 hadi 1999.

3. Marehemu. Hapa ndipo watu huumbuka. Kinachoamua maana ni mahali neno lilipokaa. "My uncle is late": mjomba bado yuko njiani. "My late uncle": mjomba alishazikwa. Ukiandika "my late boss" kwa sababu bosi kachelewa kikaoni, umemuua. Angalia pia: aliyeacha cheo lakini yu hai ni "former", si "late". Na usilibandike kwa waliokufa zamani mno. Shakespeare alifariki 1616, hakuna anayemwita "the late Shakespeare". Ni la waliotutoka miaka ya karibuni, ambao bado wapo wanaowakumbuka.

4. "Lately" ni siku hizi, basi. Aliyechelewa kufika: "he came late".

MASWALI

– Mkuu, "my father is late" ina maana gani?
– Namba 3. Soma kwanza.

– Mbona Wakenya husema "he is late" wakimaanisha amefariki?
– Umesikia vizuri. Kiingereza cha Kenya kina matumizi hayo, na cha Afrika Kusini pia, na wenyewe wanaelewana. Mwingereza atadhani mtu yuko kwenye foleni. Kwenye mtihani andika "he died", au kwa upole "he passed away".

– Mimi naandika "my dead father", yanaisha.
– Sarufi imekaa sawa, adabu ndiyo haipo. Kwa Kiswahili ungesema "baba yangu mfu"?

– Na "latest" na "last"?
– Swali zuri. "Her latest book" ni kipya kuliko vyote alivyotoa, kingine chaweza kuja. "Her last book" huweza kusomeka kwamba hataandika tena. Halafu "by Friday at the latest": isipite Ijumaa.

– "Late to" au "late for"?
– Ukiwahi mahali au tukio, "late for" ni salama kote: "late for class". Kitu unachodaiwa ni "with": "late with the rent".
– Hapo kwenye "ukiwahi" ulimaanisha "ukichelewa", mkuu.
– Ndiyo, ukichelewa. Ahsante.