Galoni ya Marekani si dumu: pima dawa ya tungule kwa mililita

Mkulima wa tungule (nyanya) wa Bumbwisudi, Unguja, au Konde, Pemba, siku hizi anafungua simu, anapata kipimo kilichoandikwa Marekani: vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya mwarobaini kwa galoni moja ya maji. Ushauri wenyewe mzuri. Shida ipo kwenye galoni.

Kwetu dumu la plastiki huitwa galoni, liwe la lita 5 au la lita 20. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 tu, na ya Kiingereza ni lita 4.546. Aliyetia vijiko viwili kwenye dumu la lita 20 amepiga dawa hafifu mno. Vidukari hawatoki, naye anadhani kauziwa dawa mbovu. Ikiwa ni sumu ya dukani, hasara ni kubwa zaidi, maana wadudu wakizoeshwa dozi ndogo hawafi tena hata kwa dozi kamili.

Hesabu ni hii. Vijiko viwili vya mezani vya Kimarekani ni aunsi moja ya ujazo, yaani mililita 29.6. Gawa kwa 3.785, unapata mililita 7.8 kwa kila lita. Pampu ya mgongoni ya lita 16 inataka mililita 125, dumu la lita 20 mililita 156. Iandike 7.8 ubavuni mwa pampu kwa wino usiofutika. Usizidishe kwa kukisia; mafuta yakizidi, hasa jua likiwa kali, majani yanaungua.

Dawa ya unga ni habari nyingine: aunsi ya uzani ni gramu 28.35, na hiyo inataka mizani, si kijiko.

Ukikuta "painti moja kwa eka", painti ya Marekani ni mililita 473, kwa hiyo robo eka ni mililita 118. Kwanza piga maji matupu robo eka uone zinakwenda pampu ngapi. Zikienda nne, kila pampu itie mililita 30 hivi.

Nunua bomba la sindano la kupimia mililita duka la dawa, liwe la shamba peke yake, lisiingie jikoni abadan. Na kibandiko cha chupa kikitaja mililita kwa lita, fuata hicho, hata simu ikisema vingine.