Mgonjwa wa akili ana mwili pia: mpime kwa uzi wa fundi

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Mdogo wangu anatumia olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, huu mwaka wa tatu. Sauti alizokuwa akizisikia kichwani zimetulia, analala, anapiga gumzo na wateja wangu. Ila suruali yake ya kiuno 31 niliifumua mara mbili, ya tatu nikakata kitambaa kipya: 37. Nami nilikuwa nasifu eti amenawiri! Kumbe dawa hiyo huamsha njaa, hunenepesha, na huweza kuleta kisukari.

Basi anza na uzi. Mpime mgonjwa wako kutoka kisigino hadi utosi, ukate. Ukunje katikati, uuzungushe tumboni usawa wa kitovu, akiwa ameshusha pumzi (wanaume hubana tumbo mbele ya kioo changu, nawajua). Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Rudia kila mwezi, andika kwenye kidaftari.

Siku ya kliniki nenda nacho. Foleni ni ndefu, daktari anauliza "analala?", anaandika dawa, mnapishana na mwingine mlangoni. Usiinuke bado. Omba apimwe uzito, presha na sukari. Presha ikifika 140/90 na siku nyingine ikarudia, au sukari ya asubuhi kabla hajala ikafika 7 (kwa kipimo cha mmol/L), uliza matibabu. Akikohoa wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia maumivu ya kifua ya mdogo wangu ni "mawazo yake tu". Ilikuwa nimonia.

Chakula usimfiche, atakula kwa jirani. Mimi nilianzia kwenye chai: vijiko vinne vya sukari vikawa viwili, kisha kimoja. Rolex (chapati iliyokunjiwa mayai) ya kila jioni ikawa ya Jumamosi. Nyuzi zangu anazifuata sokoni kwa miguu, boda simlipii.

Sigara ina siri yake. Moshi hulifanya ini liiondoe olanzapini haraka mwilini. Kwa hiyo akiacha ghafla, dawa ileile huzidi na anaweza kusinzia kutwa. Aache, ndiyo, lakini daktari ajue mapema ili apime upya kipimo cha dawa. Waragi, ile pombe kali, ya vipakiti ilipigwa marufuku 2019, ya kienyeji iko nyuma ya kila nyumba. Ujue anakunywa na nani.

Habari za wanawake mwambie waziwazi, mwanaume mwenzake akiwepo ni rahisi zaidi. Kondomu hutolewa bure kituo cha afya, na kipimo cha Ukimwi pia.

Kosa langu kubwa: nilipoona lile tumbo, nilimpunguzia vidonge mwenyewe. Wiki ya pili alivunja dirisha la mwenye nyumba, kioo nikalipa mimi. Ukiona dawa inamnenepesha, mwulize daktari kama kuna nyingine inayomfaa.

Ncha za uzi wake bado zimeachana vidole vitatu. Januari vilikuwa sita.