Kabla Programu Yako Haijafungua Poti ya Siriali

Poti ya siriali, yaani mlango wa kompyuta unaotuma na kupokea data biti moja baada ya nyingine, haijui kama upande wa pili kuna kifaa au hakuna. Programu ikiomba kuifungua itafunguka, hata kama kebo inaning'inia hewani. Basi usifurahie sana ukiona poti imefunguka bila kosa. Hujathibitisha lolote kuhusu kifaa. Hayo mengine ni bora uyathibitishe kwa mkono kabla ya kuandika msimbo, maana hitilafu nyingi za siriali hazimo kwenye msimbo kabisa.

Anza na volti, kwa kuwa hapo ndipo vitu huungua. Kiwango cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960, huwakilisha 1 kwa volti hasi, kati ya -3 na -15, na 0 kwa volti chanya, kati ya 3 na 15. Vibodi vidogo kama Arduino hufanya kinyume: 1 ni volti 5 au 3.3, na 0 ni sifuri. Ukiunganisha viwili hivyo moja kwa moja bila kigeuzi katikati, unaweza kuiua chipu papo hapo. Plagi ya pini 9 ni dalili ya RS-232, ila dalili si uthibitisho. Soma karatasi ya maelezo ya kiufundi ya kifaa.

Nyaya za lazima ni tatu. TX (ya kutuma) ya huku huenda kwenye RX (ya kupokea) ya kule, RX kwenye TX, na GND (waya wa ardhi) kwa GND. Huu wa tatu ndio unaosahaulika, na ukikosekana mawasiliano huenda yakafanya kazi kidogo, jambo ambalo ni baya kuliko kutofanya kazi kabisa.

Kisha jina la poti. Kwenye Windows utakuta COM3 au namba nyingine, kwenye Linux /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyACM0. Kwenye macOS kifaa kimoja huonekana mara mbili, kwa jina linaloanza na tty na kwa linaloanza na cu, chukua la cu. Namba hizi huweza kubadilika ukichomoa na kuchomeka, kwa hiyo usizigandishe ndani ya programu. Linux ina majina yasiyoyumba chini ya /dev/serial/by-id.

Kwenye Ubuntu na Debian ni lazima mtumiaji awe kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti za siriali, na ukishajiongeza, toka kwenye akaunti yako uingie upya. Mimi niliwahi kumaliza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye msimbo ulio sawa, kumbe sikuwa nimetoka. Angalia pia kama hakuna programu nyingine inayoishika poti hiyo. Windows itakukatalia wazi. Linux kwa kawaida haikatazi: programu mbili zitagawana baiti, kila moja ikiambulia vipande, nawe utadhani kebo ni mbovu.

Sasa fanya jaribio ambalo mimi siliruki kamwe. Tenganisha kifaa, kisha unganisha TX na RX za upande wa kompyuta kwa kipande cha waya. Kwenye plagi ya pini 9 ni pini ya 2 na ya 3. Zima udhibiti wa mtiririko (utaratibu wa upande mmoja kuuambia mwingine usubiri), andika neno, na usome. Neno likirudi, jina, ruhusa, draiva na kebo viko salama. Kasi ya kutuma biti bado haijathibitishwa, kwa sababu poti inaongea na nafsi yake.

Kasi, idadi ya biti, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti ya kusimama lazima vilingane pande zote mbili. Mpangilio wa kawaida ni 8N1: biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ukiongeza biti ya kuanzia, kila baiti inakula biti 10, hivyo kasi ya 9600 hupitisha baiti 960 kwa sekunde, si zaidi. Ukipata herufi za ajabu ajabu, shuku kasi kwanza, na ujue kwamba angalau waya unapitisha kitu.

Panapowaangusha wengi ni kudhani kwamba ujumbe uliotumwa mzima utafika mzima. Siriali ni mfululizo wa baiti tu. Kipimajoto kikituma 24.5, usomaji mmoja unaweza kukupa "2" na unaofuata "4.5". Programu isiyojua hivyo itaonyesha nyuzi 2, kisha nyuzi 4.5, bila kosa lolote. Kwa hiyo fahamu mapema kifaa kinamalizaje ujumbe: kwa \n au \r\n (alama za mwisho wa mstari), au kwa urefu maalumu. Kusanya baiti kwenye bafa (hifadhi ya muda) hadi uone mwisho huo, ndipo uzigeuze kuwa maandishi. Na weka kikomo cha kusubiri, sekunde 1 kwa mfano. Bila hicho programu inaweza kuganda milele ikingoja kifaa kilichozimwa.

Kwa Arduino Uno, kufungua poti kwa kawaida hukiwasha kibodi upya, na amri za mwanzoni hupotea. Subiri sekunde 2 hivi, au bora zaidi, kifanye kitume neno la kuashiria kiko tayari.

Wa Python: kifurushi cha kusakinisha kinaitwa pyserial, ingawa kwenye msimbo unaandika import serial. Na faili lako usiliite serial.py, Python italichukua hilo badala ya maktaba.