Kabla hujaelekeza lori Juba

Jioni malori yakishapanga foleni pale Salgaa, kituo cha malori karibu na Nakuru, wenye safari ya Juba utawajua tu: hao ndio hupiga simu kwanza, chai baadaye. Fanya hivyo na wewe. Mtafute dereva aliyetoka huko jana, wa wiki iliyopita habari zake zimeshachacha, umuulize barabara ya Nimule, mji wa mpakani upande wa Sudan Kusini, iko vipi. Kutoka mpakani hadi Juba ni kilomita 192 tu, na lami ilikamilika 2012, lakini magari yamevamiwa humo mara nyingi. Aprili 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma, malori yakajazana Elegu, upande wa Uganda wa mpaka huo, baada ya wenzao kuuawa.

Vita vya Sudan Kusini vilianza Desemba 2013, mkataba wa amani ukatiwa saini 2018, serikali ya pamoja ikaundwa Februari 2020. Bunduki zilibaki kwa waliokuwa nazo. Askari akikaa miezi bila mshahara, bunduki inageuka shamba lake. Kwa hiyo usitegemee kumtambua jambazi kwa mavazi. Anayekusimamisha anaweza kuwa amevaa sare, na sare yenyewe ikawa ya kweli.

Pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kila mtu hukumbuka. Kinachosahaulika ni mahali pa kuziweka. Safari moja tanboi wangu, yaani utingo, aliinama kutoa karatasi chini ya kiti. Alipoinuka, kijana wa kizuizini alikuwa ameshainua mtutu, kidole kinamtetemeka kuliko sisi. Siku hizi karatasi zote zinakaa juu ya dashibodi. Nikisimamishwa nazima injini, nateremsha kioo, mikono juu ya usukani, ndipo naamkia. Salaam, shukran, malesh (samahani): maneno hayo matatu ya Kiarabu yamenifaa kuliko ubishi wowote.

Pesa zigawe. Za kula mfuko wa shati, zilizobaki usimwambie hata tanboi ziko wapi. Angalia mwaka kwenye dola zako kabla hujatoka Nakuru, maana noti za kabla ya 2006 hukataliwa. Simu nayo iache mfukoni: daraja la Nile pale Juba linavutia, ila kulipiga picha bila kibali ni kujitafutia kesi.

Panga safari ili giza lisikukute njiani. Forodha ikikuchelewesha, lala Nimule, asubuhi uingie kwenye msafara na wenzako. Bosi atapiga kelele kwamba mzigo unachelewa. Mwache apige, yeye yuko Nakuru.

Nyumbani acha nakala ya pasi, namba ya gari na namba ya simu ya ubalozi wetu Juba. Mke wangu huandika nyuma ya kalenda ya jikoni saa niliyovuka Nimule. Ikifika saa mbili usiku sijapiga, anajua aanze kumpigia nani.