Makimbilio ya punda, ng'ombe na mbuzi waliookolewa: jinsi ya kuomba vibali Mombasa

Punda akishavimba mguu na kushindwa kuvuta mkokoteni wa maji, thamani yake kwa mwenyewe huisha siku hiyo hiyo. Wengine huachwa kando ya barabara huko Kisauni au Likoni wajitafutie. Ng'ombe wa maziwa aliyekauka, mbuzi aliyegongwa na bodaboda, kuku wa mayai waliopita umri: wote hawa wana watu wanaowaonea huruma, na Mombasa watu hao si haba. Shida ni kwamba wengi huanza na mnyama uani, kisha wakakumbuka karatasi siku ambayo jirani amelalamika na afisa amebisha hodi. Hapo anayeumia ni mnyama, kwani ndiye atakayeondolewa.

Usitarajie fomu moja itakayomaliza kila kitu. Utapita ofisi kadhaa, za kaunti na za serikali kuu, na kila moja itataka kuona karatasi ya nyingine. Ndiyo maana mpangilio una maana kubwa: ardhi kwanza, kikundi pili, daktari tatu, mazingira na kaunti nne, wanyama mwisho. Najua ni vigumu kumpita mnyama anayeteseka eti kwa sababu barua haijatoka. Kwa huyo wa dharura, mpigie daktari wa mifugo na uripoti kituo cha polisi, lakini usimfanye kuwa mwanzo wa kituo chako.

Ardhi

Kisiwani usijisumbue. Mvita imebanana, na hata ukipata uwanja majirani watakuwa dirishani. Tafuta pembeni: Mtongwe, Miritini, sehemu za Mwakirunge. Huko Mwakirunge kuna nafasi, lakini ndiko pia liliko jaa la taka, na mbuzi akizoea kula plastiki ataokolewa mara ya pili kwa kisu cha daktari. Ukichagua huko, bajeti yako ianze na uzio.

Mombasa ina jambo lake linalowashinda wageni: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki nyumba, anaweza kuiuza na kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mwingine na hulipiwa kodi. Karatasi ya nyumba haikupi haki ya kujenga zizi. Tafuta mwenye ardhi, akupe idhini ya maandishi. Kama ardhi ni ya wakfu, idhini hutoka kwa Tume ya Wakf, si kwa anayekaa pale wala kwa mzee wa familia. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba upekuzi rasmi wa hatimiliki kwenye sajili ya ardhi. Ulinganishe jina lililo kwenye matokeo na kitambulisho cha anayekukodisha. Yasipolingana, mshukuru kwa chai na uondoke.

Mkataba wa mwaka mmoja haufai kwa kazi hii, maana punda mwenye afya huishi miaka 25 na zaidi. Omba miaka 5 au 10, na kwa kuwa umepita miaka 2 usajiliwe. Ndani yake iandikwe wazi kwamba utafuga wanyama na utachimba mahali pa samadi.

Kisha maji. Punda mkubwa hunywa lita 15 hadi 25 kwa siku, ng'ombe mara mbili ya hapo na zaidi kukiwa na joto. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Chukua sampuli ya kisima ipimwe kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu kununua maji ya bauza kila wiki kumefunga vituo vingi vya watu wenye nia safi.

Kikundi

Njia nyepesi ya kuanzia ni kikundi cha jamii, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mnahitaji watu wasiopungua 10. Mfanye kikao na muandike muhtasari unaosema mmekubaliana kusajili kikundi. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, muandike katiba, kisha mpeleke vyote kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu. Beba orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho, simu na sahihi. Barua ya chifu husaidia sana, na kwa chifu huendi mikono mitupu: nenda na mzee wa mtaa anayekujua.

Mkinuia kupokea fedha za wafadhili wakubwa au kufanya kazi kaunti kadhaa, jisajilini kama shirika la manufaa ya umma. Sheria yake ni ya 2013 ingawa ilianza kutumika Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Ustawi wa wanyama umetajwa miongoni mwa shughuli zinazokubalika, kwa hiyo msijifiche nyuma ya neno "mazingira" au "kilimo". Ushauri wangu ni kuanza na kikundi. Shirika lina hesabu za kukaguliwa na ripoti za kila mwaka, na watu ambao bado wanajifunza kumfunga bendeji ng'ombe hawana muda huo.

Katiba ndiyo karatasi inayofaa kukeshewa. Ile ya kunakili kutoka kwa chama cha akiba na mikopo haitoshi, maana haitasema lolote juu ya mnyama. Andikeni kwamba mnyama aliyepokelewa hauzwi, hachinjwi na hazalishwi. Msiandike kwa kupamba tu. Wiki mbili kabla ya Idd kubwa, watu wa heshima kabisa, pengine shemeji yako mwenyewe, watakuja kuulizia yule beberu mnene, na mwenyekiti atahitaji kitu cha kuwaonyesha zaidi ya aibu yake. Andikeni pia nani ana uamuzi wa kumlaza mnyama kwa sindano pale maumivu yanaposhinda tiba: mimi napendelea daktari pamoja na viongozi wawili, kwa maandishi. Na muhimu kuliko yote, kikundi kikivunjika wanyama waende wapi? Kifungu hiki kikikosekana, wanachama watagawana mbuzi kama viti vya plastiki.

Mkishapata cheti, ombeni PIN ya kikundi kwa KRA, mamlaka ya ushuru, na mfungue akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Ada za serikali kuu hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, paybill 222222. Anayekuambia utume kwa nambari yake binafsi "ili faili isogee" hakusaidii.

Daktari wa mifugo

Mpate kabla ya kuomba kitu kingine chochote kwa kaunti. Awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo na leseni yake iwe ya mwaka huu. Mwombe akuonyeshe, hatachukia. Akuandikie barua kwamba atahudumia kituo chako, mara ngapi atakuja, na kwamba amekagua ramani ya mazizi. Ramani hiyo lazima iwe na zizi la karantini, mbali na mengine, lenye beseni lake la maji na ufagio wake. Mgeni akae humo wiki 3 au 4. Ugonjwa wa miguu na midomo au sotoka ya mbuzi ukiingia kupitia mnyama mmoja uliyemwonea huruma, utawamaliza wale uliokwisha kuwaokoa. Magonjwa haya, pamoja na kimeta na homa ya Bonde la Ufa, sheria inataka yaripotiwe kwa afisa wa mifugo mara tu unapoyashuku. Usisubiri uhakika.

Peleka nakala ya barua ya daktari kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo na umwalike aje kuona eneo. Yeye ndiye utakayemhitaji mara nyingi kuliko afisa mwingine yeyote, basi afadhali akufahamu kwa sura.

Mazingira na kaunti

Kama ardhi imeandikwa ya makazi, utahitaji kibali cha kubadilisha matumizi, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ombi huandaliwa na mpangaji miji aliyesajiliwa na kupelekwa idara ya ardhi na mipango ya kaunti. Majirani hupewa nafasi ya kutoa maoni, kwa hiyo wazungukie mapema nyumba kwa nyumba. Waeleze samadi itaondolewa lini na itapelekwa wapi. Mtu akiambiwa kwamba mkulima wa mchicha atakuja kuibeba kila Jumamosi, hofu yake hupungua nusu.

NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nao wana ofisi Mombasa. Kabla ya kumwaga zege, waulize mradi wako uko daraja gani la hatari, maana ripoti inayotakiwa hutegemea hilo. Ripoti huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa nao. Jambo watakalolitazama kwa karibu ni mkojo na maji ya kuoshea mazizi yanaenda wapi, hasa ukiwa karibu na visima vya watu au mikoko ya Tudor. Chora mfereji, shimo la samadi lenye sakafu na paa, na sehemu ya kuzikia mizoga iliyo mbali na maji. Ada ya leseni ya kaunti iulize mwisho, ukiwa na hati hizi zote mkononi.

Karatasi ya kila mnyama

Hapa ndipo watu wema huingia matatani. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inasema ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita nguvu zake au kumfanyisha kazi akiwa hawezi. Lakini haikupi wewe raia ruhusa ya kuingia boma la mtu ukamfungua punda wake. Na Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao, Sura ya 355, inamgusa yeyote anayekutwa na mifugo inayoshukiwa ya wizi na akashindwa kueleza ameipataje. Kwa punda polisi huuliza zaidi, na wana sababu. Biashara ya ngozi ilileta wizi mkubwa. Serikali ilipiga marufuku kuwachinja punda kibiashara mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha kuwachinja kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Mwenyewe akikukabidhi mnyama kwa hiari, mwandikishe hati ya kukabidhi: jina, nambari ya kitambulisho, simu, maneno yanayosema anaacha umiliki moja kwa moja, sahihi yake, mashahidi wawili, na muhuri wa chifu ukiwezekana. Mpige mnyama picha pande zote mbili. Andika rangi, chapa na makovu kwa undani, kwa mfano: "punda dume, kijivu, kidonda cha upana wa kiganja juu ya bega la kushoto pale nira inapokaa, sikio la kulia limechanika ncha." Ukiandika "punda wa kijivu, mgonjwa" hujaandika kitu, maana Mombasa nzima ina punda hao. Malipo usitoe, hata kidogo cha nauli. Ukianza kununua, wiki ijayo utaletewa wengine watatu waliochoshwa makusudi.

Mnyama asiye na mwenyewe ripoti polisi siku hiyo hiyo na uchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Mjulishe chifu pia. Wewe ni mtunzaji tu, na mwenyewe akijitokeza na ushahidi, shauri ni la polisi na afisa wa mifugo, si lako. Kama alikuwa akiteswa, mwambie daktari aandike ripoti mapema wakati vidonda bado vinasema.

Mnyama anayetoka kwenye kesi ni kielelezo, yaani sehemu ya ushahidi. Omba amri ya maandishi inayokukabidhi utunzaji na inayosema nani atalipia chakula na dawa. Usimhamishe, usimpe mtu mwingine, hadi mahakama iamue. Mahakama ina uwezo wa kumvua umiliki aliyepatikana na hatia, na hapo ndipo anapoweza kuwa wako.

Ukiletewa kima au kobe, hao si mifugo. Wapigie KWS, shirika la wanyamapori, waje kuwachukua. Ukikaa nao bila kibali umevunja sheria ya wanyamapori.

Kuwavusha kutoka Kwale na Kilifi

Hata mbuzi mmoja anahitaji kibali cha kusafirisha mifugo. Anza upande wako: afisa wa mifugo wa Mombasa aandike barua kwamba hana pingamizi kumpokea. Barua hiyo ipelekwe kwa afisa wa anakotoka, ambaye atamkagua na kutoa kibali chenye idadi, aina, njia na mwisho wa safari. Dereva awe nacho mkononi, si kwenye simu ya mtu aliyebaki Ukunda. Eneo likiwa chini ya karantini hakuna kibali kitakachotoka, na usitafute njia ya panya. Safari iwe ya asubuhi, gari liwe na mchanga au majani sakafuni, na ukitokea Kwale, kivukoni Likoni ufike kabla jua halijawa kali.

Ukinyimwa

Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Uamuzi wa mipango ya ardhi hukatiwa rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14. Wa NEMA huenda kwa Mahakama Maalumu ya Mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Siku huhesabiwa tangu ulipopewa uamuzi, kwa hiyo barua ikifika igongwe muhuri wa tarehe mbele yako, na nakala moja iingie kwenye faili ya kikundi kabla hujamwonyesha mtu mwingine.